Treni ndogo imegoma Same: hitilafu imejificha wapi?

Kwenye Makumbusho ya Reli jijini Nairobi imesimama injini ya mvuke namba 5930. Ubavuni ina jina ambalo Mpare hahitaji kuelezwa: Mount Shengena. Shengena ndicho kilele kirefu kuliko vyote katika Milima ya Upare, mita 2,462 juu ya usawa wa bahari, katika msitu wa Chome wilayani Same. Injini hiyo ni moja kati ya 34 za daraja la 59 zilizoundwa na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester katikati ya miaka ya 1950, na zote zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Hakuna injini ya mvuke iliyozishinda nguvu kwenye reli ya upana wa mita moja popote duniani. Kazi yake ilikuwa kuvuta mizigo mizito kati ya Mombasa na Nairobi.

Reli inayopita Same kwenyewe ni nyingine. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, wakafika Mombo 1905, Buiko 1909 na Moshi 1911, wakiambaa chini ya milima upande wa magharibi, ule mkavu, kupitia Hedaru na Makanya. Baada ya kimya cha miaka mingi, treni ya abiria ilirudi kwenye njia hiyo Desemba 2019.

Mpenzi wa reli anayetaka kuiona Mount Shengena ikipanda kuelekea Same, jambo ambalo historia haikulipa nafasi, anaweza kuijenga njia hiyo mezani. Kwa kipimo cha 1 kwa 87, reli ya mita moja inakuwa ya upana wa milimita 12, na jitu lile la Nairobi linakuwa na urefu wa sentimita 36 hivi. Stesheni, njia ya kupishania, mabehewa ya jasi ya Makanya na mashamba ya katani vyote vinaenea kwenye ubao wa chumba kimoja. Kisha unawashwa umeme, na treni haiendi.

Zamani treni ndogo ziliongozwa kwa kuongeza na kupunguza umeme relini, kwa hiyo injini mbili zilizo kwenye njia moja zilikwenda pamoja na kusimama pamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mjerumani Bernd Lenz alibuni mfumo wa kidijitali, na mwaka 1994 chama cha Marekani cha wajenzi wa reli ndogo, NMRA, kikaupitisha kuwa kanuni ya wote. Katika mfumo huu reli ina umeme wakati wote, kwa kawaida kati ya volti 12 na 16, na umeme huohuo ndio unaobeba amri. Mkondo hugeuka maelfu ya mara kwa sekunde: sekunde ikigawanywa katika sehemu milioni moja, mkondo ukigeuka baada ya sehemu 58, dekoda iliyo ndani ya injini husoma moja, ukichelewa hadi sehemu 100 au zaidi, husoma sifuri. Kila injini ina anwani yake. Ikiitwa 30 inaitika 30, na jirani yake anaendelea na safari zake.

Kwa sababu ya dekoda hiyo, treni ikigoma watu wengi huilaumu kompyuta kwanza. Hufuta programu, hubadili anwani, hata hununua dekoda mpya kwa fedha nyingi. Hilo ni kosa. Hitilafu nyingi za reli ya kidijitali ni zilezile za taa ya sebuleni: waya umelegea, kiungo kimeshika kutu, vyuma viwili vimegusana mahali visipopaswa. Tofauti ni kwamba taa iliyoshikana vibaya humeta tu, lakini dekoda inayokatikiwa umeme hupoteza amri na kuanza upya, na mtazamaji hudhani ina wazimu.

Adui wa kwanza ni vumbi, na Same inalo. Magurudumu huchukua umeme kwenye eneo dogo sana. Uchafu mwembamba tu unatosha kuikata amri. Kitambaa kisicho na nyuzi kilicholoweshwa spiriti safi husafisha reli na magurudumu. Msasa haufai, maana huacha mikwaruzo inayokusanya uchafu upya.

Anayefuata ni waya wenyewe, na hapa hesabu inasaidia kuliko ubashiri. Chukua meza yenye waya mkuu wa mita 10 na treni zinazotumia ampea 3. Kwa waya wa milimita 0.5 za mraba, umeme ukienda na kurudi unapoteza volti 2 hivi kabla ya kufika mwisho. Kwa waya wa milimita 2.5, ule ambao mafundi hutumia kwenye soketi za nyumba na unaouzwa madukani, upotevu haufiki nusu volti. Kutoka kwenye waya mkuu huo zishuke nyaya ndogo hadi kila kipande cha reli. Viunganishi vinavyoshikanisha vipande visitegemewe kupitisha umeme, kwani baada ya miezi michache hulegea.

Fundi mzuri hupima. Anaweka mita kwenye volti za mkondo geu, anaanzia kwenye kituo cha amri, yaani kifaa kinachopeleka umeme na amri relini, kisha anasogea kipande kwa kipande. Mita ya bei nafuu imetengenezwa kwa umeme wa nyumbani wa hezi 50, kwa hiyo haitatoa namba sahihi kabisa kwenye mkondo huu wa kasi. Hilo halina madhara, kwa sababu anachotafuta ni tofauti: mahali namba inaposhuka ghafla ndipo penye ugonjwa.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji mita, nacho kisirukwe hata kidogo. Ni kulaza sarafu ya chuma juu ya reli mbili, mahali palipo mbali kabisa na kituo cha amri. Kituo kinapaswa kujizima papo hapo. Kisipojizima, nyaya zina ukinzani mkubwa kiasi kwamba shoti haionekani kwenye kituo. Sarafu iondolewe mara moja. Ampea 5 kwa volti 15 ni wati 75, joto linalozidi pasi nyingi za kulehemu, na linatosha kuyeyusha mataruma ya plastiki na kuiua injini.

Shoti yenyewe hukamatwa kwa kugawa. Meza ikatwe katika sehemu tatu au nne zinazoweza kutenganishwa kwa swichi: stesheni ya Same, njia ya Makanya, njia ya kaskazini. Zima zote, washa moja moja. Ile inayokizima kituo ndiyo yenye kosa, na sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Reli kubwa nazo zimegawanywa hivyo. Mwaka 2024, muda mfupi baada ya treni za umeme za Dar es Salaam na Dodoma kuanza safari, Shirika la Reli Tanzania lilitaja ngedere na bundi miongoni mwa vyanzo vya hitilafu za umeme njiani. Kwenye waya wa volti 25,000, kupata kipande kilichoguswa ndiyo hatua ya kwanza ya kurudisha safari.

Iko shoti moja inayowachosha hata wazoefu, ya treni inayosimama mahali palepale kila inapopita ingawa reli ni safi. Mount Shengena ndogo inaieleza vizuri. Injini za aina yake zina seti mbili za magurudumu, mbele na nyuma, na zote huchukua umeme. Ikivuka mpaka wa sehemu mbili, yenyewe inageuka waya unaoziunganisha. Fundi akiwa amebadilisha waya wa kushoto na wa kulia katika sehemu moja, umeme unagongana ndani ya injini. Hali hiyohiyo hutokea kwenye kitanzi cha kugeuzia treni, ambako reli ya kushoto huzunguka na kukutana na ya kulia. Hapo panahitaji kifaa cha kugeuza mkondo chenyewe. Dawa ya kosa la waya ni rangi: mwekundu reli moja, mweusi nyingine, meza nzima, na mchoro ubandikwe chini ya ubao.

Gharama zimeshuka. Programu huria ya DCC-EX inaifanya bodi ya Arduino Mega yenye kidhibiti cha mota kuwa kituo cha amri, na JMRI, nayo ya bure, inaongoza treni kwa kompyuta au simu. Walimu wa umeme katika vyuo vya VETA na sekondari za Same na Mwanga waifikirie reli hii ndogo. Duara moja la reli, bodi moja na mita mbili tatu vinatosha darasa zima. Mwalimu afiche kosa moja chini ya meza kila wiki, awaachie wanafunzi walitafute, na asiwape jibu kabla hawajaonyesha vipimo vyao.