KIBAO CHA MBELE KI WAPI?

Mtu akisimama asubuhi pembeni mwa viwanja vya Mnazi Mmoja, kati ya barabara ya Lumumba na ile ya Bibi Titi Mohamed, aweza kuyasoma magari kama asomavyo gazeti. Hili laenda Mbagala, lile latoka Gongo la Mboto. Hili lenye kibao cha manjano ni la mtu binafsi, na lile lenye kibao cheupe ni la biashara, la kubeba abiria au mizigo kwa malipo. Lakini sisi tuliosimama hapo siku chache zilizopita tumeona kuwa gazeti hilo limechanwa ukurasa wa kwanza. Magari si haba yapitayo hapo yana kibao nyuma tu. Mbele pana matundu mawili ya skrubu, au pana waya uliosokotwa na ambao haushiki kitu tena.

Tulimwuliza dereva mmoja wa daladala aliyekuwa akingoja abiria, kibao chake cha mbele ki wapi. Akacheka. "Mzee wangu, kile kilikwenda na maji Jangwani, masika."

Hatuna sababu ya kumfanya mwongo. Kila mkazi wa Dar es Salaam ajua jinsi mto Msimbazi ufurikavyo na kuifunga barabara ya Morogoro pale Jangwani, na wengi hawajasahau gharika ya Desemba 2011. Gari nyingi za mji huu zimenunuliwa Japani zikiwa zimekwisha tumika. Bampa zake ni za plastiki, na kibao hushikizwa kwa skrubu mbili au kwa fremu dhaifu. Gari likipita katika maji yanayofika kwenye taa, maji husukuma kibao kwa nguvu kama mtu avutaye jani. Aliyepotelewa hivyo ni wa kuhurumiwa, kwa juma moja au mawili. Lakini masika ya dereva yule yalikuwa ya mwaka uliopita.

Basi tukamwuliza mbona hajakirudisha. Hapo hakucheka. Gari si lake, alisema. Lake ni kupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni. Kupata kibao kipya kwataka kwenda polisi kuandikisha upotevu, kisha kufuata taratibu za Mamlaka ya Mapato, kisha kulipia kibao kwa mtengenezaji aliyeruhusiwa. Hiyo ni siku nzima gari halina kazi. Tajiri hujibu, "Subiri kwanza." Na askari wa usalama barabarani akilisimamisha gari, anayeandikiwa ni yule aliyekamata usukani, na fedha hutoka katika mfuko wake, maana hesabu ya tajiri haipunguzwi.

Hapa ndipo twaona uzito wa jambo hili. Faini ya papo kwa papo imekuwa shilingi 30,000 kwa kosa moja, na kwa wenye pikipiki na bajaji ilipunguzwa mwaka 2021 ikawa shilingi 10,000. Kwa mwenye gari tatu au nne, shilingi 30,000 si jambo la kumkosesha usingizi. Kwa dereva ni unga, ni nauli ya mtoto ya shule, ni kodi ya chumba. Naye akiandikiwa leo pale Mnazi Mmoja, hakuna kinachomkinga asiandikiwe tena keshokutwa Tazara kwa kibao kile kile kisichokuwapo. Akijumlisha faini hizo ataona kuwa kibao kingekuwa rahisi zaidi, lakini hesabu hiyo haimfikii tajiri, kwa sababu tajiri hajalipa hata senti moja. Twasema wazi: kibao ni kifaa cha gari kama tairi, na anayepaswa kukinunua ni mwenye gari. Vyama vya madereva, ambavyo mara nyingi vimepigania mikataba ya kazi, vingefanya vyema kuliandika neno hili katika mikataba hiyo.

Wako pia wale ambao kibao chao hakikwenda na maji popote. Wamekifungua kwa bisibisi na kukilaza chini ya kiti. Wao huogopa tochi ya mwendo kasi, ambayo mara nyingi hulipiga picha gari likija, na huogopa mkusanyaji wa ada ya maegesho apitaye na mashine yake mkononi. Wadhani wamepata ujanja. Lakini kibao cha nyuma kipo, na mkusanyaji ana miguu ya kuzunguka gari. Askari naye, ambaye pengine angeliacha gari lile lipite katika foleni, huliona kwa mbali lina uso mtupu, akainua mkono. Alitaka kukwepa kosa moja akajiongezea la pili. Na deni la faini, likishaandikwa kwa namba ya gari, halisahauliki. Siku hizi mnunuzi wa gari iliyotumika, kabla ya kutoa fedha, huiingiza namba katika mtandao wa polisi kuona gari lile ladaiwa nini. Tumesikia biashara zilizovunjika kwa sababu hiyo.

Hata hivyo faini si jambo kubwa kuliko yote. Tumfikirie mchukuzi wa Kariakoo avukaye barabara ya Uhuru na gunia mabegani. Gari lamgonga, halisimami. Walioko pale waliliona likija, yaani waliuona uso wake. Baada ya kishindo kila mtu humkimbilia aliyeanguka, na ni wachache wanaogeuka kusoma nyuma ya gari linalotokomea katika vumbi na moshi. Sheria yetu yataka kila gari liwe na bima ya kumlinda mtu wa tatu, na namba ya gari ndiyo inayoonyesha ni kampuni gani iliyolikatia bima hiyo. Pasipo namba hapana gari, na pasipo gari hapana kampuni ya kudaiwa. Mjane wa mchukuzi atabaki na maneno ya mashahidi kwamba gari lilikuwa jeupe. Magari meupe katika Dar es Salaam nani awezaye kuyahesabu?

Msomaji mmoja aweza kutujibu kuwa hata Marekani majimbo mengi hayadai kibao cha mbele, na kwamba Ohio ilikifuta Julai 2020. Ni kweli. Ni kweli pia kuwa Uingereza, iliyoanza kudai namba kwa magari yote tangu Januari 1904, iliziondolea pikipiki kibao cha mbele mwaka 1975, kwa sababu bati lile lililosimama kama upanga juu ya gurudumu liliweza kumkata mtu aliyegongwa. Lakini huko sheria ndiyo iliyobadilishwa, tena baada ya kujadiliwa mbele ya watu wote. Kwetu sheria yataka vibao viwili kwa motokaa, na asiyeitaka na aende akaseme bungeni kwa njia ya mbunge wake, asiibadilishe kwa bisibisi usiku.

Neno letu la mwisho ni kwa wakubwa. Twayaona magari ya fahari yenye vioo vyeusi yakipita Mnazi Mmoja bila kibao, au na kibao kilichofunikwa, na hatumwoni askari akiinua mkono. Katika mwaka 2024, wananchi walipokuwa na hofu kwa sababu ya habari za watu kuchukuliwa na wasiojulikana, jambo la kwanza ambalo kila mtu aliuliza lilikuwa namba ya gari. Raia aliyekwisha fundishwa kuogopa gari lisilo na namba hawezi kuambiwa kuwa hili la mkubwa ni salama. Msako ukianza, na uanzie kwa hao. Dereva wa daladala atakubali kwa moyo mweupe kuwa wa pili.

Dereva wetu wa Mbagala alikuwa ameandika namba yake kwa kalamu nene juu ya kipande cha boksi, akakisimamisha nyuma ya kioo cha mbele. Jua limekwisha kuzifuta tarakimu mbili. Tajiri, alituambia, ameahidi mwisho wa mwezi. Hakutaja mwezi gani, na abiria walikuwa wamejaa, akaondoka.