Ukighairi Baada ya Kutoa Advansi

Kikwe, wilayani Arumeru, nyumba nyingi hujengwa kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwakani bati, kisha grili na madirisha ya aluminiamu. Fundi huomba advansi kabla ya kuanza kazi. Mteja akighairi, fedha ni za nani?

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo. Kifungu cha 73 kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara iliyompata. Tuseme advansi ni shilingi 600,000, na fundi ameshakata vyuma vya 400,000 kwa vipimo vya nyumba ile. Hasara yake inaonekana. Lakini kama hajanunua hata msumari, kuzizuia zote ni uonevu. Hata mkataba ukitaja faini, kifungu cha 74 huiruhusu mahakama kutoa fidia inayostahili tu, isiyozidi kiasi kilichotajwa.

Fundi akichelewa, mambo hugeuka. Muda ukiwa kiini cha makubaliano, kifungu cha 55 humruhusu mteja kuuvunja mkataba.

Ndiyo maana tarehe ya kukabidhi kazi iandikwe kwenye risiti, pamoja na vipimo na kiasi kilicholipwa. Mzozo ukifika Mahakama ya Mwanzo, karatasi hiyo itaulizwa mapema.