Nani Aliifunga Serikali?

Sote twajua linalotokea nyumbani baba na mama wanapogombana juu ya fedha za soko, hata ufunguo wa sanduku ukafichwa. Watoto hulala na njaa, na kila mzazi humnyoshea mwenzake kidole. Jambo la namna hiyo lilitokea Marekani, nchi yenye utajiri mwingi, kuanzia tarehe 22 Desemba 2018 hadi tarehe 25 Januari 2019. Kwa siku 35 ofisi nyingi za Serikali zilifungwa, na watumishi wapata 800,000 hawakulipwa mshahara.

Labda mtu atauliza: Serikali yawezaje kufungwa kama duka? Huko Rais hana ruhusa ya kutoa hata dola moja katika hazina pasipo sheria iliyopitishwa na Kongresi, yaani Baraza la Wawakilishi pamoja na Seneti. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Oktoba. Zamani, bajeti ilipochelewa, ofisi nyingi ziliendelea na kazi zikingoja. Lakini mwaka 1980 na mwaka 1981 Mwanasheria Mkuu Benjamin Civiletti alisema ya kwamba sheria haina mzaha: ofisi isiyopewa fedha sharti ifunge, isipokuwa kazi za kulinda maisha na mali ya watu. Tangu hapo bajeti imekuwa silaha mikononi mwa wanasiasa.

Mwaka 2018 ugomvi ulihusu ukuta. Rais Donald Trump alitaka dola milioni elfu tano na mia saba za kujenga ukuta kwenye mpaka wa Meksiko. Wademokrati walikataa. Tarehe 11 Desemba aliwapokea Nancy Pelosi na Chuck Schumer, wakuu wa Wademokrati, wakabishana mbele ya wapiga picha, na nchi nzima ikatazama. Ndipo Rais akatamka ya kwamba ataona fahari kuifunga Serikali kwa ajili ya usalama wa mpaka, na kwamba hatawalaumu wao. Siku kumi baadaye akaandika kwamba kosa ni la Wademokrati.

Hapo wengi walicheka. Lakini tuwe wa haki: Warepublikani nao walikuwa na hoja. Walikumbusha ya kwamba mwaka 2006 Schumer na wenzake kadha wa chama chake walikubali kwa kura sheria ya kujenga uzio mrefu mpakani. Mbona sasa ukuta ni haramu? Tena katika Seneti sheria ya namna hiyo huhitaji kura 60 ili ipite, nao hawakuwa nazo. Wademokrati wakajibu: Fungueni ofisi kwanza, kisha tutazungumza, hatutalipa fidia ili watumishi waachiliwe. Mwezi wa Januari Pelosi akawa Spika, akamwandikia Rais aahirishe hotuba yake kuu ya mwaka. Kesho yake Rais akamnyima ndege ya jeshi aliyokuwa karibu kuipanda kwa safari ya kikazi. Sisi tunaofundisha watoto twaijua michezo hiyo. Huiona kila siku uwanjani, ila watoto hupatana kabla ya kengele kulia.

Wakati huo maisha ya watumishi yalikuwaje? Nusu hivi walikatazwa kufika kazini. Waliobaki walilazimishwa kufanya kazi bila malipo: walinzi wa magereza, wakaguzi wa abiria, waongozaji wa ndege. Wanajeshi wa majini walipata mshahara wao, lakini walinzi wa pwani, ambao nao huvaa sare na kuokoa watu baharini, hawakupata kitu, kwa sababu tu wako chini ya wizara nyingine. Mjini Washington watumishi wa Serikali walipanga mistari kungojea chakula cha msaada. Mtu aliyewahi kungoja mshahara unaochelewa, huku mwenye nyumba akibisha hodi, hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwisho haukuletwa na hoja za wakuu. Tarehe 25 Januari waongozaji wa ndege kadha hawakuripoti kazini, na kwa muda ndege zilizuiwa kutua katika kiwanja cha LaGuardia, New York. Siku ile ile Rais akakubali kufungua ofisi, pasipo fedha za ukuta. Wataalamu wa hesabu wa Kongresi walikadiria kwamba uchumi ulipungukiwa dola milioni elfu kumi na moja, na elfu tatu kati yake hazitarudi kamwe. Watumishi walilipwa mishahara yao ya nyuma. Lakini wafagizi, wapishi na walinzi wengi walioajiriwa na makampuni yenye mikataba na Serikali hawakurudishiwa siku zao.

Wabelgiji nao waligombana, tena zaidi. Baada ya uchaguzi wa Juni 2010 walikaa siku 541 bila kuunda serikali mpya. Hata hivyo walimu walilipwa na treni zilitembea, kwa kuwa sheria yao yaruhusu kila mwezi kutumia sehemu moja ya kumi na mbili ya bajeti iliyotangulia. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 nayo yataja fedha za muda bajeti inapochelewa. Basi kwa maoni yetu, kabla ya kumtafuta mkosaji kati ya Trump na Pelosi, Wamarekani wangeitazama sheria yao wenyewe, inayompa kila mgomvi kufuli mkononi.

Hawakufanya hivyo. Tarehe 1 Oktoba 2025 ofisi zilifungwa tena, safari hii kwa siku 43. Wademokrati ndio waliodai kwanza msaada wa bima ya afya uendelezwe, nao Warepublikani wakajibu: Fungueni ofisi kwanza, kisha tutazungumza.