Kiraka cha Ngozi Huishi kwa Damu

Leo tuangalie kidonda kikubwa kisichoweza kufunga chenyewe: cha moto, cha ajali ya pikipiki, au cha mamba wa mto wetu Tana. Mfupa ukiwa wazi, ngozi nyembamba ya kubandika haishiki. Hapo daktari wa upasuaji huhamisha ngozi pamoja na nyama na mishipa yake ya damu, akafunika kidonda. Sisi tukiite kiraka. Kazi hii ina historia kwetu: AMREF, shirika la madaktari wa ndege, lilianzishwa mwaka 1957 na wapasuaji watatu wa kurekebisha viungo: Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees.

Kiraka ni kama jaruba la mpunga. Maji yasipoingia, mpunga hunyauka; yakizidi bila pa kutokea, huoza. Damu isipoingia, kiraka hupauka na kupoa. Isipotoka, huvimba na kugeuka zambarau. Kwenye ngozi nyeusi rangi haionekani upesi, kwa hivyo wauguzi hupima joto pia, wakilinganisha na ngozi ya jirani.

Siku 3 za kwanza ndizo za hatari zaidi. Wewe unayemuuguza ndugu yako wodini, ukiona mabadiliko mwite muuguzi papo hapo, hata usiku wa manane. Mshipa ulioziba ukiwahiwa ndani ya saa chache, huenda ukafunguliwa. Ukichelewa, kiraka hufa, na hata mguu unaweza kupotea.

Mgonjwa naye ana kazi yake:

1. Acha sigara, tumbaku na ugoro angalau wiki 4 kabla ya upasuaji, na usirudie mpaka upone. Nikotini hubana mishipa.
2. Kama una kisukari, tumia dawa zako bila kukosa.
3. Kula samaki, maharagwe na mayai. Kunywa maji ya kutosha.
4. Usilalie kiraka wala kukifunga kwa kitambaa cha kubana.
5. Usikikande kwa maji moto. Hakina hisia bado. Kitaungua nawe usijue.
6. Usipake samli wala majani.

Ukisharudi nyumbani, kiraka kikibadilika rangi, kikinuka au kikitoa usaha, usingoje kesho. Nenda hospitali leo.