Kitambaa cha makochi: Pamba au poliesta?

Seti ya makochi ni mali ya miaka mingi, lakini kitambaa chake huchakaa mapema. Unapokwenda sokoni Voi kutafuta kingine, utaonyeshwa vya pamba na vya poliesta. Wengi wetu huangalia maua na bei tu. Kabla hujatoa pesa, msomaji, fikiria kwanza hali ya hewa ya mahali unapoishi.

Mji wa Voi uko mita 600 hivi tu juu ya bahari. Jua lake ni kali, na vumbi lake jekundu huwapaka rangi hata ndovu wa Tsavo. Hapa pamba ndiyo bora. Katika hewa ya kawaida, uzi wake hubeba unyevu wa kama asilimia 8 ya uzito wake, kwa hivyo hunyonya jasho. Poliesta, ambayo hutokana na mafuta ghafi, haifikii hata asilimia 1. Ndiyo sababu mgeni huinuka shati limemnata mgongoni. Aidha, hewa ikiwa kavu, poliesta huvuta vumbi.

Lakini panda milimani hadi Wundanyi, kwenye ukungu na baridi. Huko pamba nzito huchelewa kukauka, na ikikaa na unyevu huota kuvu. Poliesta hukauka upesi na haijikunji ovyo. Kitambaa kilichochanganywa nyuzi hizo mbili huwafaa wengi.

Na mkonge unaolimwa Mwatate, je? Uzi wake ni imara lakini hukwaruza ngozi. Uachie vikapu, kamba na mazulia.

Jambo zito zaidi ni moto, hasa katika nyumba zinazotumia koroboi. Vitambaa vyote viwili huungua, lakini poliesta huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Ukitaka kujua unachouziwa, omba kipande kidogo. Ukifika nyumbani chomoa nyuzi chache, uzishike kwa koleo na kuziwasha juu ya beseni la maji, watoto wakiwa mbali. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na huacha jivu laini. Poliesta huacha donge gumu.

Ukichagua pamba, ifue mara moja kabla ya kumpelekea fundi, kwani hupungua ikifuliwa. Ukipuuza hilo, kifuniko kilichokaa vyema leo kitakataa kuingia kochini baada ya kufuliwa.