Besi Isiyameze Maneno

Ngoma ivumayo sana hupasuka, walinena wazee wetu. Siku hizi ngoma yenyewe imehamia majumbani. Pita Kisauni, Likoni ama Changamwe jioni, utaisikia: sanduku la besi, ambalo vijana huliita sabufa, limewekwa ukumbini kando ya televisheni na madirisha yatetemeka. Mimi siichukii besi. Ninalolalamikia ni kwamba wengi wameinunua besi wakayapoteza maneno.

Nasi watu wa Pwani, taarabu kwetu ni maneno kwanza. Zein l'Abdin na udi wake, Juma Bhalo na sauti yake, walipendwa kwa mashairi yaliyosikika neno kwa neno. Hata santuri za Mzuri, zilizotolewa na Assanand & Sons hapa Mombasa katika miaka ya 1960 na 1970, hazikuhitaji sabufa.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Sikio la mwanadamu husikia mitetemo tangu 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Uzi mnene kabisa wa gita la besi hutetemeka mara 41 hivi. Spika ndogo haiwezi kusukuma upepo wa kutosha kwa sauti nzito namna hiyo, ukiilazimisha, hukwaruza. Ndipo ikahitajika krosova, yaani kichujio: sauti nzito huziongoza kwenye sabufa, na zilizobaki huziachia spika ndogo, zikapumua.

Basi mpaka uwekwe wapi? Mara nyingi mitetemo 80 hufaa, kwani chini ya hapo ni vigumu sikio kutambua sauti yatoka upande gani. Ukiupandisha hadi 150, sauti ya mwimbaji wa kiume yaanza kutokea mvunguni mwa kabati. Ikiwa amplifaya ina krosova yake, ile ya sabufa ipandishe hadi mwisho, maana vichujio viwili vikifuatana huweza kuacha pengo. Nyaya nazo ziwe chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. La sivyo spika moja husukuma na mwenziwe huvuta, besi ikafifia.

Pembe ya chumba huongeza besi, lakini pia huivimbisha. Weka sabufa pale unapoketi, fungua wimbo, kisha zunguka ukumbi ukiwa umeinama. Pale besi isikikapo safi pasi na kuvuma, ndipo mahali pake.

Limebaki la jirani. Wimbi la mitetemo 40 lina urefu wa mita 8 na nusu hivi, na ukuta hauizuii besi kama uzuiavyo sauti nyembamba. Hivyo jirani hapati wimbo. Apata mgoto mtupu. Naye huenda ana mgonjwa, ama mtoto adurusuye msahafu, ama ametoka zamu ya usiku bandarini. Kanuni za kelele za Kenya za 2009 zipo, lakini haki ya jirani tulifundishwa tangu chuoni. Liweke sanduku mbali na ukuta mnaoshirikiana, lipunguze baada ya Isha, na muadhini akianza, lizime.

Kisha fanya jaribio hili, mpenzi msomaji: fungua wimbo wa Bhalo, uketi. Likikupita neno moja, punguza besi.