Chai ya Kuharakisha Uchungu

Leo nazungumza nawe mama mjamzito, pamoja na nyanya na mama mkwe wanaokuchemshia dawa, iwe mko hapa mjini Langas au kule Moiben.

Wengi husema, "Ni majani tu, yatadhuru nini?" Basi sikiliza kisa cha Kongo. Miaka ya 1960 daktari Mnorwe, Lorents Gran, aliyefanya kazi huko na Msalaba Mwekundu, aliona wanawake wakinywa chai iitwayo kalata-kalata ili wajifungue haraka. Mmea wenyewe kitaalamu huitwa Oldenlandia affinis. Ndani yake alipata kitu kinachokaza misuli ya tumbo la uzazi: peptidi, yaani mfano wa protini ndogo sana. Ikaitwa kalata B1.

Protini nyingi ukizichemsha huharibika, na ukizila tumbo huziyeyusha kama linavyoyeyusha maharagwe. Kalata B1 huvumilia moto. Mwaka 1995 sababu ilijulikana: asidi amino zake 29 zimeungana kuwa duara, kama shanga zisizo na mwanzo wala mwisho, tena zimekazwa katikati kwa vifungo vitatu.

Ikifika kwenye seli hufanya nini? Seli imezungukwa na utando wa mafuta, usioruhusu chumvi kupita ovyo. Katika maabara hutengenezwa utando wa kuiga huo, huwekwa maji ya chumvi pande zote mbili, kisha hupimwa umeme. Utando ukiwa mzima, umeme karibu haupiti. Mwaka 2009 watafiti wa Australia walitia kalata B1, na umeme ukaanza kupita: utando umetobolewa! Mwaka 2013 watafiti wa Vienna wakaonyesha kwamba ndugu yake wa mmea huohuo, kalata B7, hushika kwenye seli mahali palepale panaposhikwa na oksitosini, homoni ya uchungu.

Oksitosini ndiyo tunayotia kwenye dripu hospitalini, huku tukihesabu matone na kusikiliza moyo wa mtoto. Sufuria haina kipimo. Uchungu ukizidi, mtoto hukosa hewa, na tumbo la uzazi laweza kupasuka, hasa kwa mama aliyewahi kuzaa kwa upasuaji.

Sisemi kila mti wa Uasin Gishu una kalata. Nasema ukunywapo usichokijua, mkunga naye hakijui.

Mama, kama umekwisha kunywa, usione haya. Mwambie mkunga kabla hajakuwekea dripu: ulikunywa nini, saa ngapi, vikombe vingapi. Majani yakibaki, yabebe. Nawe muuguzi, uliza kwa upole. Mama aliyefokewa hasemi kweli. Na tumbo likikaza bila kulegea, au ukiona damu nyingi, tafuta gari uende hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.